York Factory: Kituo cha Biashara Kisicho na Barabara

TUIJUE DUNIA



Kila mwezi katika ukurasa huu tunatembelea mahali pamoja duniani. Hatuendi kwa gari wala kwa meli. Tunakwenda kwa kusoma. Safari ya mwezi huu ni ndefu. Tunakwenda Kanada, nchi iliyo kaskazini ya Marekani. Tunakwenda kwenye pwani ya baridi kali, ambako hata maji ya bahari huganda yakawa barafu. Mahali penyewe panaitwa York Factory.

Huenda utauliza, "Mimi ni mkulima wa pamba. Habari za pwani ya Kanada zitanifaa nini?" Swali lako ni zuri. Habari hizi ni za watu waliokuwa na mali, wakaipeleka kwa mnunuzi mmoja, wakabishania kipimo na bei. Ni habari za njia pia. Njia ilipohama, mji ukafa. Haya si mambo mageni kwa mkulima. Basi soma mpaka mwisho, kisha upime mwenyewe.

MAHALI PENYEWE

Kaskazini ya Kanada bahari imeingia ndani sana ya nchi kavu. Sehemu hiyo ya bahari inaitwa Ghuba ya Hudson. Ni kubwa mno. Ukichukua nchi nzima ya Tanzania ukaiweka ndani yake, maji bado yatabaki kuizunguka.

Kwa miezi mingi ya mwaka ghuba hiyo hufunikwa na barafu. Mtu anaweza kutembea juu ya bahari kama anavyotembea uwanjani. Dubu weupe nao hutembea juu yake wakiwinda. Wakati wa baridi kali joto hushuka mpaka nyuzi 40 chini ya sifuri. Ukimwaga maji nje, hayachelewi kuganda.

Ardhi nayo imeganda. Ukichimba wakati wa kiangazi, juu utakuta udongo laini wenye majimaji. Endelea kuchimba. Jembe litagonga kitu kigumu kama mwamba. Huo si mwamba. Ni udongo ambao maji yake yameganda, na hauyeyuki hata jua linapowaka. Katika ardhi kama hiyo mahindi hayaoti, wala mtama, wala mihogo.

Kituo cha York Factory kiko kusini magharibi mwa ghuba hiyo, mahali mto Hayes unapoingia baharini. Karibu yake mto mwingine mkubwa, uitwao Nelson, nao unaingia baharini.

Neno "factory" lisikudanganye. Leo kwa Kiingereza maana yake ni kiwanda. Lakini zamani wakala wa biashara aliitwa "factor", na mahali alipokaa na kufanya biashara pakaitwa "factory". Kwa hiyo York Factory ilikuwa nyumba ya wakala. Kazi yake kubwa ilikuwa kununua na kuuza.

WENYEJI NA KAMPUNI

Nchi hiyo ilikuwa na wenyewe tangu kale. Upande wa mto Hayes walikaa watu wa kabila la Wakrii. Upande wa kaskazini zaidi walikaa Wadene. Waliishi kwa kuwinda na kuvua samaki. Walitengeneza mitumbwi ya magome ya miti, myepesi, ambayo watu wachache waliweza kuibeba. Walitengeneza viatu vipana vya kutembelea juu ya theluji bila kuzama. Baridi ile waliijua, na njia zote walizijua.

Mwaka 1670, huko London, Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza alitia sahihi yake kwenye hati. Hati hiyo iliipa kampuni moja, Kampuni ya Ghuba ya Hudson, haki ya kufanya biashara peke yake katika nchi yote ambayo mito yake huingia katika ghuba ile. Mfalme hakuwa ameiona nchi hiyo. Wenyeji hawakuulizwa.

Jambo hili lisikushangaze. Afrika Mashariki ilipata kuona jambo kama hilo. Mwaka 1885 Kaisari wa Ujerumani aliipa kampuni ya Carl Peters hati juu ya nchi zilizoko Tanganyika ya leo. Hati ilitolewa Berlin. Wenye nchi walikuwa Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami. Wao nao hawakuwa na habari.

Kampuni ya Ghuba ya Hudson ilijenga kituo cha York Factory mwaka 1684. Ilitafuta nini kwenye barafu? Ilitafuta ngozi za mnyama aitwaye biva. Biva ni jamii ya panya, lakini mkubwa kama mbwa. Ana mkia bapa kama mwiko. Anaishi majini, na kwa meno yake hukata miti akajenga boma la kuzuia mto. Manyoya yake ni mazito na laini. Huko Ulaya wakati ule, mtu mwenye cheo hakutoka nyumbani bila kofia, na kofia bora zilitengenezwa kwa manyoya ya biva.

Tena kuna ajabu moja. Ngozi zilizopendwa zaidi hazikuwa mpya. Zilikuwa zile ambazo Wakrii walikuwa wamezivaa mwilini kama nguo kwa mwaka mmoja au zaidi. Kwa kuvaliwa, manyoya marefu na magumu yalikatika, yakabaki yale mafupi na laini yaliyotakiwa na mafundi wa kofia. Mkrii aliweza kuvaa nguo yake wakati wote wa baridi, kisha akaiuza ikiwa kuukuu kwa bei nzuri!

BEI NA KIPIMO

Biashara ilifanyikaje? Barafu ya mtoni ilipoyeyuka, Wakrii na majirani zao walishuka kwa mitumbwi kutoka bara. Wengine walisafiri kwa wiki nyingi. Walipofika, hawakuanza kuuza mara moja. Kwanza viongozi wao waliingia kituoni. Walivuta kiko pamoja na mkuu wa kituo, wakapeana zawadi, wakazungumza. Kwa wenyeji biashara ilikuwa urafiki kwanza. Mtu usiye na urafiki naye, utafanyaje naye biashara?

Fedha hazikutumika. Kipimo cha thamani kilikuwa ngozi moja nzuri ya biva. Kila kitu kilihesabiwa kwa ngozi.  Bunduki ilikuwa ngozi 10 au zaidi. Sufuria, blanketi, visu, shanga, baruti na tumbaku, vyote vilikuwa na bei yake kwa ngozi. Pombe nayo ilikuwamo, na ilileta hasara kubwa kwa watu.

Bei ilipangwa na wakubwa wa kampuni huko London. Mkuu wa kituo hakuruhusiwa kuibadilisha vivi hivi. Lakini alikuwa na njia nyingine. Kipimo kilikuwa mikononi mwake. Baruti ilipimwa kwa kikombe, na kikombe hakikujazwa. Kitambaa kilipimwa, na kipimo kikawa kifupi. Bei ilibaki ile ile, lakini mali aliyopewa mnunuzi ilipungua. Faida hiyo ya kupunja ilikuwa na jina lake, na iliandikwa ndani ya vitabu vya kampuni yenyewe.

Je, wenyeji hawakujua? Walijua sana. Viongozi wao waliposimama kuzungumza na mkuu wa kituo, jambo moja walilolitilia mkazo lilikuwa hilo: tupimie kipimo kamili. Na hawakuishia kwenye maneno. Wafaransa nao walikuwa wakija kununua ngozi kutoka upande wa kusini. Katika miaka ya 1730 walijenga vituo vyao huko bara, karibu na njia za Wakrii. Tangu hapo Mkrii alipopunjwa pwani, mwaka uliofuata aliweza kupeleka ngozi zake kwa Mfaransa. Baadaye wakaja wafanyabiashara wa Montreal. Mwenye wanunuzi wawili huuliza bei. Mwenye mnunuzi mmoja huambiwa bei.

Kampuni ilikuwa imezoea kukaa pwani ikingoja kuletewa mali. Kwa ushindani huo ililazimika kuondoka pwani na kuwafuata watu. Mwaka 1774 ilijenga kituo chake huko bara, kiitwacho Cumberland House.

MWANAMKE ALIYELETA AMANI

Katika historia ya York Factory kuna mwanamke ambaye jina lake halikusahauliwa. Anaitwa Thanadelthur. Alikuwa Mdene, msichana bado.

Wakati huo Wakrii walikuwa na bunduki kutoka kituoni, na Wadene hawakuwa nazo. Vita vikawa vikali. Mwaka 1713 Thanadelthur alitekwa na Wakrii. Mwaka 1714 akatoroka pamoja na mwanamke mwenzake. Walitangatanga porini kwa baridi na njaa. Mwenzake akafa. Yeye akafuata nyayo za wawindaji, akaokolewa, akaletwa York Factory.

Mkuu wa kituo, James Knight, alitaka kufanya biashara na Wadene, lakini Wadene waliogopa kushuka pwani kwa sababu ya vita. Thanadelthur alijua lugha za pande zote mbili. Mwaka 1715 akatumwa pamoja na Wakrii wapatao 150 na Mwingereza mmoja, William Stuart, wakatafute amani.

Safari ilikuwa mbaya. Ugonjwa na njaa viliwaandama. Wengi walirudi. Wachache waliobaki walikuta maiti za Wadene waliouawa na kundi jingine la Wakrii. Wakaogopa kulipiziwa kisasi, wakataka kurudi nao. Thanadelthur akawaambia wamngoje kwa siku 10. Akaenda peke yake kuwatafuta watu wake.

Aliwapata. Akawaeleza habari za amani. Walikataa. Akaeleza tena, na tena, mpaka sauti ikamkauka. Siku ya 10 alirudi kambini, na nyuma yake walikuwa Wadene zaidi ya 100. Wakavuta kiko pamoja na Wakrii. Mwezi wa Mei mwaka 1716 akafika York Factory, na Wadene kadhaa pamoja naye.

Hakuishi sana baada ya hapo. Aliugua, akafa tarehe 5 Februari 1717. Knight aliandika katika kitabu cha kituo jinsi alivyohuzunika. Mwaka huo huo wa 1717 kampuni ilijenga kituo kingine kaskazini, mahali panapoitwa leo Churchill, ili Wadene wapate pahali pa kuuzia. Wakubwa wa kampuni walipata biashara mpya. Lakini njia ya biashara hiyo ilifunguliwa kwa miguu na kwa sauti ya mwanamke mmoja.

VITA, NDUI NA NJAA

Mali huvuta maadui. Wafaransa na Waingereza walipigania kituo hiki mara nyingi. Mwaka 1697 Wafaransa walikiteka, wakakaa nacho mpaka mkataba wa mwaka 1713 ulipowalazimisha kukirudisha.

Mwaka 1782 ulikuwa mbaya kuliko yote. Kwanza ulikuja ugonjwa wa ndui. Ugonjwa huo ulitoka mbali kusini, ukapita bara, ukafika pwani. Wenyeji hawakuwa wamepata kuuona. Wakafa wengi mno, kambi nzima nzima. Kisha mwezi wa Agosti zikaja meli za kivita za Wafaransa. Zikakiteka kituo na kukichoma moto.

Fikiri, ndugu msomaji, hali ya wale waliosalia. Kwa miaka karibu 100 watu walikuwa wamezoea kuwinda kwa bunduki. Sasa bunduki wanayo, lakini baruti haipo na risasi hazipo. Duka limeteketea. Kampuni ilirudi mwaka 1783, na katikati ya hapo njaa iliua watu waliookoka ndui. Chombo kipya ni kizuri, lakini ukisahau kabisa cha zamani, maisha yako yamo mkononi mwa mwenye duka.

JINSI MIZIGO ILIVYOSAFIRI

Kituo kilijengwa tena. Baadaye, kwa sababu ya mafuriko, kikahamishiwa mahali palipoinuka zaidi. Kazi hiyo ilianza mwaka 1788. Mwaka 1821 Kampuni ya Ghuba ya Hudson iliungana na wapinzani wake wa Montreal. Wenyeji wakarudi tena kwenye mnunuzi mmoja. Lakini York Factory ikakua. Ikawa ghala kuu la nchi kubwa ya kaskazini na magharibi. Wakati huo kulikuwa na majengo yapata 50: maghala, nyumba za wafanyakazi, karakana za wahunzi na maseremala.

Meli ilikuja kutoka Uingereza mara moja kwa mwaka. Barafu haikuruhusu zaidi. Ilifika kiangazi, na ilipaswa kuondoka mapema kabla bahari haijafunga tena. Zaidi ya hayo, bahari mbele ya kituo ina maji machache. Meli haikuweza kusogea. Ilitia nanga mbali, na mizigo ikashushwa kwenye mashua ndogo, ikaletwa pwani. Kazi ilifanyika usiku na mchana. Meli isipofika, kituo kizima kilikaa bila mahitaji mpaka mwaka uliofuata.

Kutoka kituoni mizigo ilipanda mto Hayes kwenda Ziwa Winnipeg. Safari hiyo ni kilomita 600 hivi, kinyume cha mkondo. Kwanza ilitumika mitumbwi. Baadaye yakatumika mashua mapana ya mbao, ambayo mpaka leo yanaitwa mashua ya York. Mahali penye maporomoko, watu walishuka. Walifunga mizigo kwa mikanda iliyopita kwenye paji la uso. Kila furushi lilikuwa na uzito wa kilo 40 hivi, na mtu mmoja alibeba mawili kwa safari moja. Kisha waliikokota mashua yenyewe juu ya magogo mpaka kwenye maji matulivu. Huku mbu wakiwauma bila huruma.

Wapiga makasia wengi walikuwa Wakrii, na watoto waliozaliwa na mama wenyeji na baba wazungu. Wakrii waliokaa karibu na kituo waliwinda pia bata bukini na kulungu ili kuwalisha watu wa kampuni. Wanawake walishona viatu vya ngozi na kusuka viatu vya theluji. Bila kazi ya watu hao, kituo kisingepita hata msimu mmoja wa baridi.

NYUMBA ISIYO NA MSINGI

Kuanzia miaka ya 1830 kampuni ilijenga ghala kubwa la mbao. Ghala hilo bado limesimama. Lina umbo la mraba, na katikati yake kuna ua.

Mafundi walikuwa na taabu moja. Ardhi iliyoganda haitulii. Kila mwaka tabaka la juu huyeyuka na kuganda tena. Linapoganda huvimba na kuinuka. Linapoyeyuka huzama. Nyumba yenye msingi wa mawe hupasuka. Hivyo mafundi waliacha kabisa kuchimba msingi. Walilaza magogo juu ya ardhi, wakajenga juu yake, na viungo vya mbao wakavifanya viweze kucheza kidogo. Ardhi inapoinuka, nyumba inainuka nayo. Inaposhuka, inashuka nayo. Ndiyo maana imedumu kwa karibu miaka 200.

NJIA ILIPOHAMA

Kituo hakikushindwa na vita wala moto. Kilishindwa na njia nyingine. Mwaka 1859 meli ya moshi ilianza kupita katika Mto Mwekundu, ikiunganisha Marekani na nchi ya Winnipeg. Mwaka 1878 reli ikafika huko. Sasa mizigo iliweza kuja kutoka kusini kwa wepesi, wakati wowote wa mwaka. Nani tena angengoja meli moja kwa mwaka, kisha abebe furushi kwenye maporomoko? York Factory iliacha kuwa ghala kuu. Ikabaki duka la kawaida.

Hata sisi tumeona jambo la namna hiyo. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka bara. Mwaka 1905 ujenzi wa reli ya kati ulipoanza, ulianzia Dar es Salaam. Mizigo ikafuata reli.

Mwaka 1870 nchi yote ya kampuni ilihamishiwa serikali ya Kanada. Kampuni ililipwa pauni 300,000, na ikaachiwa sehemu ya ardhi nzuri. Wenyeji hawakupata hata senti moja katika malipo hayo. Wakrii wa York Factory walikuja kutia sahihi mkataba na serikali mwaka 1910.

Mwaka 1929 reli nyingine ilifika pwani ya ghuba, lakini haikuja York Factory. Ilikwenda Churchill, kiasi cha kilomita 200 kaskazini magharibi. Mwaka 1957 kampuni ilifunga duka lake York Factory. Palikuwa pamefanyika biashara kwa zaidi ya miaka 270.

Wakrii waliokaa hapo wangefanya nini? Hakuna duka na hakuna kazi. Mwaka huo huo walihamishwa kwenda York Landing, bara, mbali na bahari. Waliacha makaburi ya wazee wao. Walizoea maji ya chumvi na bata bukini wa pwani. Sasa ilibidi kujifunza nchi nyingine. Lakini hawakuacha jina. Jumuiya yao mpaka leo inaitwa kwa jina la York Factory.

KUFIKA HUKO LEO

Ukitaka kufika York Factory leo, barabara haipo. Reli haipo. Zipo njia mbili kubwa. Ya kwanza ni ndege ndogo ya kukodi, hali ya hewa ikiruhusu. Ya pili ni ile ya zamani, yaani kushuka mto Hayes kwa mtumbwi. Wako watu wanaofanya safari hiyo wakati wa kiangazi kwa kupenda, na huwachukua wiki kadhaa. Ghala linatunzwa na idara ya serikali ya Kanada inayoshughulikia hifadhi. Wafanyakazi wake hukaa huko kiangazi tu, ndani ya uzio, kwa sababu dubu weupe hupita. Na hatari nyingine ipo. Ukingo wa mto unamomonyoka, na kila mwaka maji yanakula ardhi ya kituo.

Huko York Landing nako si rahisi kufika. Kiangazi watu huvuka kwa kivuko. Wakati wa baridi hupita kwa gari juu ya barafu. Lakini kuna majuma ambayo barafu si ngumu na maji hayajawa wazi. Hapo hubaki ndege peke yake.

Na Churchill, iliyopata reli? Mwezi wa Mei mwaka 2017 mafuriko yaliharibu reli hiyo mahali pengi. Churchill haina barabara ya kuiunganisha na miji mingine. Kwa karibu mwaka mmoja na nusu chakula na mahitaji mengi yalikuja kwa ndege, na bei zikapanda. Mwenye reli, kampuni ya Marekani, alisema hana uwezo wa kuitengeneza. Mwaka 2018 reli ilinunuliwa na wamiliki wapya, wakiwamo wananchi wa kaskazini. Ikatengenezwa, na mwisho wa mwaka huo treni ikarudi. Tangu mwaka 2021 reli na bandari vimo mikononi mwa jumuiya za kaskazini zenyewe, na nyingi kati ya hizo ni jumuiya za wenyeji wa asili.

Basi, ndugu msomaji, tazama safari hii yote. Mwaka 1670 hati iliandikwa mbali, na wenyeji hawakuulizwa. Mwaka 1957 duka likafungwa kwa uamuzi wa kampuni, na wenyeji wakahama. Lakini mwaka 2018 njia ilipokatika, wenyeji walikuwa miongoni mwa walioinunua. Baridi ni ile ile. Bahari ni ile ile. Kilichobadilika ni nani anashika njia.

Tukutane mwezi ujao kwa safari nyingine.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini kituo hiki kiliitwa "factory" ingawa hakikuwa kiwanda?

2. Bei haikubadilishwa, lakini wauzaji wa ngozi walipunjwa. Walipunjwa kwa njia gani? Katika kijiji chenu, ni nani anayekagua mizani wakati wa kuuza mazao?

3. Wakrii walipata nguvu gani Wafaransa walipokuja kununua ngozi huko bara?

4. Thanadelthur alifanya nini ambacho wengine waliogopa kufanya?

5. Kwa nini ghala la York Factory halina msingi? Mafundi wa kijiji chenu hufanya nini mahali penye udongo unaopasuka au penye majimaji?

6. Barabara au daraja la kwenu likikatika wakati wa masika, ni vitu gani vitakwisha kwanza? Zungumzeni, kisha andikeni mambo matatu ambayo kijiji kinaweza kufanya kabla mvua hazijaanza.